Michango 418 ya Hector Dalgarno

Siku ya kwanza kufanya biashara na Hector Dalgarno, hakuwa mbunge bado. Alikuwa mwuza bima aliyefiwa na baba, na baba alikuwa amemwachia trekta jekundu la mwaka sabini na moja, injini nzima, kiti kimeliwa na panya. Alilileta uwanjani kwangu Strathorran juu ya tela, siku ya mvua, akashuka na tai shingoni. Nilipoona mtu amevaa tai kuja kuuza trekta, nilijua siku hiyo sitapata hasara.

Akataja pauni elfu mbili na mia tano. Mimi sikusema kitu. Sikuwa na hila yoyote. Nilikuwa na kipande cha pai ya nyama mdomoni. Lakini Hector alinitazama nikitafuna, akatazama trekta, akatazama mvua, kisha akaanza kujijibu mwenyewe. Alisema anajua rangi imebabuka. Alisema anajua breki ya kushoto inavuta. Akasema basi labda elfu mbili na mia mbili. Nikameza, nikang'ata tena. Akanieleza jinsi marehemu baba yake alivyolipenda lile trekta, na kana kwamba mapenzi ya marehemu yanashusha bei, akateremka hadi elfu moja na mia tisa. Pai ilipokwisha tulikuwa tumefika elfu moja na mia nne, na neno la kwanza kunitoka lilikuwa "haya." Nilikuwa tayari kutoa elfu mbili.

"Jess Lorimer," akaniambia huku akikunja risiti, "wewe ni mgumu kwelikweli kwenye mapatano."

Nikamjibu kwamba wengi wananiambia hivyo. Trekta lenyewe sikuliuza. Nililiweka langoni, nikalichora jina langu ubavuni kwa rangi nyeupe, likawa kibao cha biashara.

Nimeanza na hilo kwa sababu yote yaliyofuata yanatoka hapo. Hector ni mtu asiyeweza kukivumilia kimya. Akikikuta mahali, lazima akijaze, hata kwa kujidhuru. Wengine tungekiita kilema. Chama chake kilikiita kipaji, na miaka minne baada ya kuniuzia trekta kikamsimamisha, tukampigia kura, akaenda Edinburgh kuwa mbunge wetu.

Sitaki mtu aseme nilimchukia. Hakuwa mwizi, hakuwa na majivuno. Alijibu barua. Alikwenda kwenye mazishi ya watu ambao hawakuwahi kumpigia kura, akala sandwichi zao, akawasikiliza wajane wao, yaani alisimama karibu nao wakati yeye anaongea. Ukumbi wa kanisa ukifungua birika jipya la chai, Hector yupo. Na kila alichokiona Jumamosi huku kwetu alikisema bungeni Jumanne.

Kisha likaja jambo la daraja.

Daraja letu la Orran ni la mawe, lilijengwa kwa ajili ya mikokoteni. Mwezi wa Novemba wakaguzi walikuta ufa kwenye tao la katikati, wakaweka kibao: mwisho tani tatu. Lori langu likiwa na trekta mgongoni lina tani ishirini na tano na kitu. Njia ya kuzunguka, kupitia Glenshallach, ni maili arobaini na moja, na nusu ya hizo ni ya gari moja tu, ukikutana na basi la shule mmoja wenu anarudi nyuma hadi kwao. Nusu ya wateja wangu ni wakulima wa ng'ambo ya mto. Wakaanza kununua kwa Baird, mwuza matrekta wa upande ule. Krismasi ile Baird alinitumia kadi, mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa. Ilikuwa na picha ya daraja.

Nilipiga hesabu nikaona naweza kustahimili mwaka mmoja, labda na nusu. Baada ya hapo ningeuza uwanja, na mnunuzi angekuwa Baird.

Halmashauri ikaniambia fedha za daraja ziko serikalini. Serikali ikaniandikia kwamba daraja ni mali ya halmashauri. Nikaenda kwa Hector.

Ofisi yake ya jimboni ilikuwa kwenye lililokuwa duka la viatu, na bado kulikuwa na kile kioo kifupi cha kutazamia miguu. Aliyekuwa akiiendesha ni Netta Fyfe, mwalimu mkuu mstaafu aliyenifundisha hesabu mimi na Hector wote wawili, akafaulu kwa mmoja. Hector aliniandalia chai na biskuti za siagi, akaandika kurasa mbili huku akiongea, jambo ambalo sijui mtu anaweza vipi. Akaniahidi kwamba suala hili atalipeleka hadi ndani ya ukumbi wa Bunge. Netta alikuwa akinoa penseli.

Februari Netta akanipigia simu. Alhamisi kuna maswali kwa serikali, akasema, majina hupatikana kwa kura ya bahati, na jina la Hector limetoka. Swali lake ni la daraja. Ni swali namba nane.

"La nane kati ya mangapi?" nikauliza.

"Manane," akasema Netta. "Na dakika ni ishirini."

Nilifunga uwanja siku nzima nikaenda. Wageni tunakaa juu, tumekatazwa kupiga makofi wala kunung'unika, kwa hiyo niliyoyaona niliyaona kimya kimya. Swali la kwanza lilikuwa la hospitali, la pili la vivuko vya visiwani. La tatu lilikuwa la kindi wekundu, jinsi ya kuwalinda dhidi ya wale wa kijivu. Mwenye swali alipojibiwa, Spika akauliza nani ana la nyongeza, na nikamwona Hector wangu amesimama. Alisema kwamba kindi wa Strathorran ni wa pekee, akawashukuru wanaojitolea kuwalisha, akawataja majina. Waziri akamshukuru kwa kuwashukuru. Dakika moja na nusu.

Nilidhani amepasha moto injini. Swali la tano lilikuwa la muziki mashuleni. Hector juu. Akaipongeza bendi yetu ya zumari kwa kushika nafasi ya nne katika mashindano ya timu tano. La sita lilikuwa la ushuru wa samaki, na sisi hatuna bahari, nikapumua. Hector alisimama akasema kwamba ingawa jimbo lake halina bahari, linakula samaki.

Nilitazama saa ya ukutani. Swali la saba likaanza zikiwa zimebaki dakika tatu. Mwenye swali akauliza, akajibiwa, mwingine akaongeza, na zikiwa zimebaki sekunde hamsini Spika akasema, kwa sauti ya mtu anayejua anachokifanya na ameacha kujali: Hector Dalgarno. Hector akasema anakaribisha kwa mikono miwili jibu alilolitoa Waziri.

Muda ukaisha. Swali namba nane halikufikiwa.

Nilidhani sasa atakaa chini aone haya. Alisimama kwa hoja ya utaratibu, akamlalamikia Spika kwamba wabunge wa kawaida hawapewi muda wa kutosha kuwasemea wananchi wao. Malalamiko hayo yalichukua dakika moja na sekunde kumi. Watu wa chini walianza kutoka wakati anaongea.

Nilimkuta kwenye mgahawa wa Bunge, uso unang'aa, ana supu ya shayiri mbele yake.

"Umeona, Jess? Mara tano kwa dakika ishirini. Hata viongozi wa vyama hawafikishi."

"Daraja je, Mheshimiwa?" Huku kwetu mbunge tunamwita kwa jina lake. Mimi nilimwita Mheshimiwa nilipotaka kumchoma.

"Hilo watalijibu kwa maandishi. Ndiyo taratibu." Akanisogezea mkate. "Kwa maandishi ni bora zaidi, unaweza kuliweka fremu."

Jibu la maandishi lilikuja baada ya wiki mbili. Serikali ilisema inalijua suala la daraja la Orran, inaelewa usumbufu, na inaendelea kulifuatilia kwa ukaribu pamoja na halmashauri. Halmashauri nayo ilipoulizwa ilisema inaifuatilia serikali.

Masika yakapita. Nikauza matrekta saba badala ya ishirini. Nikaachana na fundi wangu mmoja, naye akaenda kufanya kazi kwa Baird.

Mwezi wa Julai, Bunge lilipokwenda likizo, gazeti moja la Edinburgh lilitoa jedwali. Lilikuwa limehesabu mara ngapi kila mbunge amechangia mwaka mzima ndani ya ukumbi. Wabunge wetu ni mia moja ishirini na tisa, na aliyeongoza wote, mawaziri wakiwamo, ni Hector Dalgarno wa Strathorran: michango mia nne kumi na minane. Uchaguzi ulikuwa Mei inayofuata. Baada ya siku sita vipeperushi vilikuwa vimeshachapwa. Picha yake ameelekeza kidole mahali fulani nje ya karatasi, na chini yake: SAUTI YENU, MARA 418.

Netta alikuja na kimoja uwanjani, akaniomba nikibandike dirishani. Kwa mwamko wa watu, hilo lilikuwa ombi jepesi. Kila mtu sokoni kwenye mnada wa ng'ombe alikuwa akiitaja ile 418 kana kwamba ni bei ya dume lake.

Mimi sikubandika. Nina mazoea ya kazi. Mtu akiniletea trekta na saa yake inasema limefanya kazi saa elfu mbili tu, siitazami saa. Nainama naangalia mpira wa pedali ya klachi. Saa unaweza kuirudisha nyuma; pedali hulika kwa mguu.

"Netta," nikasema, "haya maneno yake yameandikwa mahali?"

"Yote. Kila neno wanaliandika na kuliweka kwenye mtandao, bure. Hata akikohoa vizuri wanaandika."

"Nani huyasoma?"

Netta alifikiri kwa haki, kama mwalimu anayesahihisha. "Kwa ninavyojua, hakuna."

Basi nikayasoma. Biashara ilikuwa imelala na Julai ile ilinyesha siku zote, kwa hiyo nilikaa ofisini na daftari la shule siku nane, nikayagawa kwa mafungu kama ninavyogawa vipuri.

Fungu kubwa lilinishangaza. Bunge letu hupiga kura saa kumi na moja jioni, na wabunge hupiga kwa simu zao za mkononi. Simu ikigoma, mbunge husimama kwa hoja ya utaratibu akasema simu yangu imegoma, ningepiga kura ya ndiyo, au ya hapana. Kila mmoja anayesimama hivyo anaandikwa amechangia. Hector alisimama mara mia moja ishirini na saba. Na katika mia moja na kumi na tisa kati ya hizo Spika alimjibu: namhakikishia Mheshimiwa kwamba kura yake imehesabiwa. Simu yake haikuwa mbovu. Alikuwa anabonyeza, anaona imenyamaza, hawezi kuvumilia.

Mara tisini na mbili alimwomba msemaji mwingine ampishe kidogo aseme, na akanyimwa. Nako kunyimwa kumeandikwa. Mara sitini na moja alipongeza: bendi, waokaji keki, ajuza aliyetimiza miaka mia, na mara moja, kwa kukosea ukurasa, alimpongeza marehemu. Mara thelathini na nne aliwajulisha wenzake kwamba ana maslahi katika kilimo, kwa kuwa familia yake iliwahi kuwa na trekta. Lile la kwangu, la langoni. Kindi walipata ishirini na mbili. Iliyobaki ilikuwa kukaribisha: alikaribisha kauli, alikaribisha ripoti, alikaribisha kukaribishwa.

Daraja la Orran lilitajwa mara moja, katika orodha ya maswali ambayo hayakufikiwa.

Agosti tuna maonyesho ya kilimo, na mbunge hawezi kukosa. Nilimwona anapita kati ya mabanda ya kondoo akigawa vipeperushi, kondoo mmoja ameshakula viwili. Nilimwita aje atazame trekta jipya. Nikampandisha kwenye kibanda cha dereva, nikakaa kwenye kiti cha pembeni, nikafunga mlango. Ndani ya kibanda kile kuna utulivu mkubwa, walikitengeneza hivyo makusudi. Hector alidumu kama nusu dakika.

"Kuna nini, Jess?"

Nikamsomea daftari. Fungu kwa fungu, taratibu, bila kuongeza la kwangu. Nilipofika kwa marehemu aliyepongezwa alivua kofia.

"Aprili," nikamwambia, "wagombea wote mtasimama pale kwenye ukumbi wa mnada, wakulima mia tatu wawaulize maswali. Mimi nitauliza swali moja. Litakuwa refu."

"Utaniua."

"Nitakusomea tu ulichosema mwenyewe."

Akaanza. Akasema jedwali si yeye aliyelitengeneza. Akasema kindi pia ni wananchi kwa namna fulani. Akasema kwamba mbunge asiposikika watu husema amelala. Nilimwacha aende hadi mafuta yamwishie. Mwishowe akauliza ninataka nini.

Nikamweleza. Mbunge wa kawaida anaweza kuomba mjadala wake mwenyewe, jioni baada ya kura, na mwisho wa mjadala huo waziri hana budi kusimama na kujibu. Hakuna foleni ya maswali manane. Achukue mjadala mmoja, uwe wa daraja tu. Aseme dakika saba. Asitaje mnyama yeyote. Kisha aketi. Baada ya hapo amlete Waziri wa Uchukuzi pale darajani, amwambie tani arobaini na nne, na anyamaze.

"Arobaini na nne? Daraja lile?"

"Hiyo ndiyo utakayoitaja. Ninazohitaji ni ishirini na sita."

"Na mpaka wakati huo?"

"Mpaka wakati huo husimami kwa jambo jingine lolote. Simu ikinyamaza, iache inyamaze."

Alinitazama kama nimemwomba anipe jino. "Nikikaa kimya, Jess, watanisahau."

"Wamekusikia mara mia nne na kumi na nane. Nitajie mmoja anayekumbuka moja."

Kisha akauliza swali la kwanza la maana nililowahi kumsikia akiuliza, ndani ya Bunge au nje.

"Wewe unatoa nini?"

"Daftari."

Tukashikana mikono. Alipotoka kibandani alisahau vipeperushi vyake kitini. Nilivitumia kuwashia moto wa makaa majira yote yale ya baridi, vinashika vizuri.

Mjadala ulifanyika Oktoba. Sikwenda; Netta alinipigia baadaye akaniambia alisema dakika saba kasoro sekunde nne, bila kindi. Waziri alijibu kwa dakika sita kwamba jambo ni zito. Hakutoa kitu. Ila mbele ya wote alikubali kuja kuliona daraja kwa macho, maana huko kuona kwa macho hakuonekani kuwa ni gharama.

Alikuja Novemba, mwaka kamili tangu kibao kuwekwa. Rhona Cathcart, mwanamke mwembamba aliyevaa viatu vya mjini, na maofisa wawili wenye mabuti. Nilikuwa nimeegesha lori langu mwanzo wa daraja, trekta juu yake, kama mteja aliyefika akakuta duka limefungwa. Kulikuwa na upepo wa kukata masikio. Nilimvuta Hector pembeni, nikamtia mkononi pai ya nyama, ya moto, kubwa.

"Ukishataja tani, uma hii. Usiimeze haraka."

"Nimeshakula."

"Kula tena."

Alifanya vizuri kuliko nilivyotegemea. Akasema, "Waziri, watu wangu wanataka tani arobaini na nne kabla ya masika." Kisha akang'ata.

Waziri alisubiri. Alikuwa amezoea, kama wote kule, kwamba baada ya sentensi ya Hector inakuja nyingine, na katika hiyo nyingine yeye angepata mahali pa kutokea. Haikuja. Mto ukapita chini yetu. Ofisa mmoja akakohoa. Mimi nilikuwa natazama tairi la lori langu kana kwamba nimeliona leo. Hector alitafuna.

Waziri akasema bila shaka ukaguzi mpya unaweza kufanyika. Hakuna aliyemjibu. Akasema ukaguzi huo unaweza kufanyika kabla ya Krismasi. Hector akang'ata tena, mchuzi ukamtiririka kidevuni. Waziri akawatazama maofisa, akasema ipo mihimili ya chuma inayoweza kuwekwa chini ya tao, wamefanya hivyo kwingine. Fedha? Fedha zinaweza kugawanywa na halmashauri. Akataja tani kumi na nane. Upepo ukavuma. Akasema labda ishirini na mbili. Ofisa wa pili akamnong'oneza kitu, naye akasema, ishirini na sita ndiyo mwisho kabisa kwa mawe ya umri ule.

Pai ilikuwa imekwisha. Nikaiona midomo ya Hector inaanza kusogea, nami nikasema "haya" haraka, kabla hajamrudisha Waziri kwenye kumi na nane.

Daraja lilifunguliwa tarehe tatu Machi kwa tani ishirini na sita. Wiki ile nilipitisha malori manne.

Gazeti la Edinburgh, likijua uchaguzi umekaribia, lilihesabu upya. Hector alikuwa wa mia moja na nne. Mpinzani wake, mwanamke wa Glenshallach mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alichapa kipeperushi: SAUTI YETU ILIPOTELEA WAPI?

Aprili tukakaa kwenye ukumbi wa mnada, watu mia tatu na harufu ya mbolea. Mzee mmoja wa ng'ambo alisimama, namfahamu, alikuwa amekuja na lori lake la mifugo lenye tani ishirini, kwa kupitia wapi kama si darajani. Akasema, "Hector bwana, zamani tukifungua taarifa ya habari tunakukuta. Mwaka huu umefanya nini?"

Hector alinitazama. Angeweza kueleza. Angeweza kujaza dakika ishirini. Alisema, "Mzee, umekuja kwa njia ipi leo?" kisha akanyamaza.

Lilikuwa jibu zuri kupita yote aliyowahi kutoa, na likapotea bure. Mzee aliona kama ametukanwa. Akasema amekuja kwa barabara, kama watu wote, na watu wakacheka. Mimi nilikaa na mikono mfukoni. Nilikuwa nimeahidi kutolisoma daftari; hakuna mahali palipoandikwa kwamba nimsifu. Na wateja wangu wa ng'ambo wengi walikuwa wa upande wa yule mwanamke wa Glenshallach.

Alishindwa kwa kura mia mbili na kumi na mbili. Netta alifungasha ofisi kwa siku moja, akarudisha kioo cha viatu dirishani.

Juni, siku ya mvua, Hector aliingia uwanjani kwangu kwa miguu, bila tai. Alisema anataka trekta la baba yake, lile la langoni. Nilikuwa nimeshajua bei kabla hajamaliza: watu wa mjini sasa hivi wanayapenda matrekta ya zamani kwa kuyatazama. Nikamwambia elfu tatu na mia nane.

Hakusema kitu. Akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa mfuko wa karatasi, na ndani ya mfuko kuna pai.

Nilicheka. Nikamwambia hila hiyo ni yangu. Akang'ata. Mvua ikaendelea kupiga bati. Nilijua anachofanya, nilikuwa nimemfundisha mwenyewe, nikaapa moyoni nitasimama pale hadi usiku. Kisha nikajisikia nikisema kwamba kiti bado hakijatengenezwa. Yeye akatafuna akitazama jina langu ubavuni mwa trekta, na mimi nikasema najua, hiyo rangi nyeupe itabidi ikwanguliwe, basi tufanye elfu tatu na mia mbili. Akapangusa kidevu. Nikamtajia breki ya kushoto, ambayo hakuiuliza. Tulipofika elfu mbili na mia moja alisema, "Haya."

Hivyo ndivyo tulivyoachana. Mimi nina daraja na uwanja wangu, na yule fundi amerudi. Baird naye analo daraja, maana lina ncha mbili, na wateja wangu watatu wa upande huu sasa hununua kwake. Daftari langu, kama mpira wa pedali, halikudanganya, lakini langoni kwangu sina tena kibao cha biashara. Hector hana kiti cha Bunge. Ana trekta, ambalo nililipata kwa elfu moja na mia nne na kwa hiyo sikulia.

Alilipanda palepale, likawaka mara ya pili, akaelekea kwake ng'ambo ya mto. Nilimtazama akipita darajani taratibu, kofia imelowa. Lile trekta lina tani moja na nusu. Kwa kibao cha zamani, cha tani tatu, angepita vilevile.